Nyumba za Nyanda za Juu Kusini tunazijenga kana kwamba tunaishi Dar: uzi wa kuta, baridi na historia ya miji yetu

Mchoraji_Uyole

Wakuu, habari za jioni. Kamwene kwa watu wa Iringa na Njombe, na watu wa Rungwe ndaga fijo kwa kupita hapa.

Mimi nimesomea usanifu majengo na kazi zangu nazifanyia hapa Mbeya. Jambo hili nimekaa nalo miaka, leo nimeona nilitoe.

Kila ukifika mwezi wa sita napigiwa simu zilezile. Mtu amemaliza nyumba, bati la rangi, marumaru mpaka barazani, madirisha makubwa ya aluminiamu, na usiku familia nzima wamejikunyata. Asubuhi sakafu haikanyagiki. Watu haohao wakienda kumsalimia bibi kijijini, kwenye nyumba ya tofali mbichi iliyosiribwa udongo mwekundu, wanalala usingizi mmoja mpaka jogoo. Bibi yangu mzaa mama, Igawilo, alikuwa na nyumba ya namna hiyo. Ukuta wake ulikuwa mnene kiasi kwamba sisi watoto tulikuwa tunakaa ndani ya dirisha, miguu tumeikunja, mgongo umeegemea ubavu wa ukuta. Ilibomolewa, ikajengwa ya bloku, na bibi akaanza kulala na soksi.

Sababu si uchawi. Fikirieni chungu na sufuria. Chungu kinachelewa kushika moto, na ukikiepua kinachelewa kupoa. Sufuria inawahi yote mawili. Ukuta mnene wa udongo ni chungu: jua la mchana linaingia taratibu, linasafiri ndani ya ukuta, linatokea chumbani baada ya saa nyingi. Wataalamu wa majengo wanauita muda huo ucheleweshaji wa joto, na unaweza kuukokotoa kwa kalamu na karatasi. Ukuta wa udongo wa sentimita 30 unachelewesha joto kwa takriban saa 10. Ukipunguza unene nusu, muda nao unapungua nusu. Kwa hiyo jua lililopiga ukuta wa bibi saa 9 alasiri lilikuwa linamfikia saa 7 usiku, wakati baridi imeanza kuuma. Ukuta wa bloku wa sentimita 15 unaleta joto hilohilo saa 2 usiku, watu bado wako jikoni. Kufika saa 9 usiku ukuta umeshatoa vyote ulivyokuwa navyo.

Juu ya kichwa hali ni mbaya zaidi. Unene wa bati haufiki nusu milimita. Kiangazi huku kwetu anga la usiku ni jeupe, halina wingu, na bati linapoteza joto kuelekea anga hilo mpaka linakuwa baridi kuliko hewa yenyewe. Pumzi za waliolala zikifika kwenye bati zinageuka matone. Waliolala Makete au Kitulo kwenye nyumba isiyo na dari wanajua ninachosema: alfajiri bati linatoa jasho, linakudondokea usoni.

Kinachoniuma ni kwamba elimu ipo. Mwaka 1953 mtafiti G. A. Atkinson alipogawa hali za hewa za tropiki kwa ajili ya wajenzi, aliweka kundi la nyanda za juu peke yake, mbali na pwani yenye joto na unyevu na mbali na jangwa. Mwaka uliofuata Architectural Association, chuo cha usanifu majengo cha London, ikafungua idara ya usanifu wa tropiki, na Otto Koenigsberger, Mjerumani aliyekuwa ameshafanya kazi miaka mingi India, akaja kuiongoza. Baadaye, mwaka 1971, yeye na wenzake Carl Mahoney na Martin Evans walitoa kupitia Umoja wa Mataifa yale majedwali yanayoitwa ya Mahoney. Unaingiza joto la juu na la chini la kila mwezi, unyevu, mvua na upepo wa mahali pako, yanakuambia nyumba ielekee wapi, matundu yawe na ukubwa gani, ukuta uwe mzito au mwepesi. Pale yanapotaka ukuta mzito, kipimo chake ni ucheleweshaji wa zaidi ya saa 8. Mtu wa Mbeya anaweza kuyajaza mwenyewe jioni moja.

Lakini ramani zinazozunguka kwenye simu zetu ni za nyumba ya joto: ukuta mwembamba, dirisha kubwa kila upande, sebule ya kupitisha upepo. Dar inafaa. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua nyuzi kama 6 na nusu. Tofauti ya nyuzi 11 si jambo la kufunika kwa blanketi.

Naomba mniambie: nyumba unayoishi ukuta wake una unene gani, na usiku wa Julai hali ikoje? Na wenye nyumba za zamani, za wazee, za misheni, za Wajerumani, tuelezeni mnachokijua. Naomba kuwasilisha.

FundiMwashi_Isanga

Mkuu umeongea kitu nakiona kila siku na mwiko mkononi. Nyongeza kidogo kutoka saiti.

Tofali ya kuchoma ni ileile, lakini unaweza kuilaza au kuisimamisha. Ukiilaza ukuta unakuwa mpana, ukiisimamisha unakuwa mwembamba. Mteja akija namfanyia hesabu zote mbili. Akisikia idadi ya tofali za kulaza anashtuka, ananiambia fundi simamisha. Hakuna aliyewahi kuniuliza nyumba itakuwa na joto kiasi gani usiku. Wanauliza itaisha lini na itakula mifuko mingapi.

Tena tofali za kuchoma zinakula kuni. Tanuri moja ni miti mingi, na huko bondeni kwenye mpunga angalau wanachomea pumba. Tofali mbichi haina gharama hiyo, lakini nisiwafiche: maji yakiifikia msingini imekwisha. Nimeitwa kurekebisha nyumba nyingi za tofali mbichi na ugonjwa ni uleule, msingi mfupi na paa lisilotoka nje vya kutosha. Mvua inapiga chini, inaruka, inalamba kozi mbili za kwanza. Ukiinua msingi wa mawe mpaka gotini na ukatoa paa nje, ukuta ule unakaa.

Mpangaji_BlockT

Mimi nimepanga, sina la kufanya na ukuta wa mwenye nyumba. Chumba na sebule, bati tupu, hakuna dari. Watoto wawili wadogo. Usiku tunaingiza jiko la mkaa tunafunga mlango. Kuna namna nyingine?

Mchoraji_Uyole

Dada, au kaka, nakuomba hilo jiko lisilale ndani hata leo. Mkaa ukiungua kwenye chumba kilichofungwa hewa ya oksijeni inapungua, na mkaa unatoa kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi. Inashika damu mahali pa oksijeni, mtu anajisikia usingizi mzito tu, hajui kwamba anakufa. Watoto wanawahi kuathirika. Jiko liwashwe nje, lipashie maji, maji myatie kwenye chupa zenye vifuniko imara, mzifunge kitambaa, mlale nazo miguuni.

Kuhusu chumba, anza juu. Bati tupu linapitisha joto zaidi ya mara mbili ya paa lenye dari, hata dari ya ubao mwembamba, kwa sababu hewa iliyotulia kati ya dari na bati ndiyo blanketi lenyewe. Mwombe mwenye nyumba dari mkatane kwenye kodi. Akikataa, kitambaa kizito au mikeka iliyokazwa vizuri chini ya kenchi inasaidia, ila iwe mbali na moto na nyaya za umeme. Ziba mwanya chini ya mlango, tundu la hewa la juu liache wazi. Nani mwingine ana mbinu?

Mpangaji_BlockT

Ni mama yao. Asante sana kaka. Jiko limetoka.

Bint_Kihesa

Nimefurahi kuona uzi huu. Mimi nafundisha historia Iringa, majengo ni mapenzi yangu. Niongeze upande wa mji.

Jina Iringa lenyewe ni jengo. Linatokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Ngome ya Mkwawa pale Kalenga ilikuwa na ukuta, na Wajerumani wakiongozwa na gavana von Schele waliipiga mizinga wakaiingia tarehe 30 Oktoba 1894. Ukienda Kalenga leo mabaki ya ukuta yapo. Watu wanakwenda kuangalia fuvu la Chifu, lililorudishwa mwaka 1954, wanapiga picha wanaondoka. Naomba siku nyingine mzunguke na mabaki ya ukuta pia. Mjihoji udongo ulitoka wapi, nani aliubeba, ulikandwaje.

Wahehe walikuwa wanajenga tembe: nyumba ndefu, ukuta wa miti na udongo, na paa bapa ambalo nalo limefunikwa udongo. Kwa lugha ya Mchoraji, ni chungu mpaka juu. Upande wa Kalenga na kuelekea Pawaga mvua ni chache, jua kali mchana na baridi usiku, na paa la udongo linafaa kabisa. Nyumba ile haikuwa umaskini. Waliijua hali ya hewa yao.

Wajerumani walipohamishia kituo mahali mji ulipo sasa, juu ya mteremko unaotazama Ruaha Ndogo, walijenga kwa kuta nene vilevile. Boma letu lilianza kama hospitali yao, Waingereza wakaligeuza ofisi za utawala, na tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Nendeni mwezi wa kumi, saa 8 mchana, joto la Iringa likiwa kwenye kilele. Ukivuka kizingiti unalisikia linabaki nje. Ukuta mnene hauzuii baridi peke yake.

Sasa jambo linaloninyima usingizi. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baada ya hapo mpaka yatangazwe. Pigeni hesabu. Iringa ya leo ni ya miaka ya 1890. Boma la Tukuyu, lililoitwa Neu Langenburg, ni la Wajerumani. Misheni ya Wamoravian Rungwe ni 1891. Mbeya mji ulianza 1927. Mji wowote wa Nyanda za Juu Kusini ni mdogo kuliko mwaka ule. Maana yake karibu kila jengo letu la zamani, bila tangazo, linaweza kuvunjwa kesho na hakuna sheria ya mambo ya kale iliyovunjwa. Ndiyo maana tafiti zetu ni za haraka kuliko za Bagamoyo au Kilwa.

Tukuyu_mvua

Dada Bint nakuheshimu, lakini mambo ya tembe yaishie hukohuko Uhehe. Huku kwetu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Weka paa la udongo Tukuyu uone kama litamaliza mwezi wa nne.

Babu zetu walijenga kwa mianzi. Ukuta wa mianzi, udongo umepakwa kwa ndani, paa la nyasi limeinuka sana ili maji yateleze, na migomba imezunguka nyumba kupunguza upepo. Unyevu ukiingia kwenye mianzi unakauka kwa sababu hewa inapita. Ungeweka ukuta mnene wa udongo ungekuwa na ukungu mpaka kwenye godoro. Monica Wilson na mumewe Godfrey, watafiti waliokaa Unyakyusa miaka ya 1930, waliandika jinsi wavulana wa umri mmoja walivyokuwa wanatoka kwa wazazi na kuanzisha kijiji chao, wanajenga vibanda vyao wenyewe wangali wadogo. Yaani kila rika lilikuwa linajifunza ujenzi kwa mikono kabla ya kuoa. Sasa hivi kijana ana shahada na hajawahi kushika panga la kupasulia mwanzi.

Nataka kusema Nyanda za Juu si hali ya hewa moja. Msituletee ramani moja ya "nyumba ya baridi" mkatufanyia kosa lilelile la ramani ya Dar.

Mchoraji_Uyole

Mkuu hapo umenisahihisha na nakubali bila kubishana. Niliandika kana kwamba kila mahali ni Uyole. Mbeya mjini mvua zinaanza Novemba zinaisha Aprili au Mei, halafu kiangazi kirefu kikavu. Ukuta unapata muda wa kukauka. Tukuyu haupati. Majedwali yaleyale ukiyajaza kwa takwimu za Tukuyu na ukayajaza kwa za Iringa hayatakupa nyumba moja. Paa refu, baraza la kuzunguka, sakafu iliyoinuka, hayo ndiyo yenu.

Nilitaka pia niseme kuhusu jua, naona hakuna aliyeligusa. Sisi tuko kusini mwa ikweta, karibu nyuzi 9. Mwezi wa sita, ndio wakati wa baridi, jua la mchana linakaa upande wa kaskazini, kama nyuzi 58 kutoka usawa wa macho. Mwezi wa kumi na mbili linakaribia utosini, limeegemea kusini kidogo. Kwa hiyo dirisha la kaskazini lenye kivuli kifupi cha paa linapata jua la bure miezi ya baridi, na halichomwi sana miezi mingine. Na upepo wa kiangazi, ule wa kusini mashariki, unapiga upande wa pili. Kaskazini una jua na una kinga.

Sasa tazameni Mbeya. Mji umelala miguuni mwa mlima Loleza, mteremko unashuka kuelekea kusini, barabara kuu iko chini. Kila mtu anataka sebule iangalie barabara. Tunaupa upepo uso na jua tunalipa choo na stoo. Hili halihitaji hata mfuko mmoja wa saruji kulirekebisha. Ni kugeuza ramani kabla ya kuchimba msingi.

Kyela_Kwetu

Nimewasoma wote kwa heshima. Lakini mnasifia ukuta mzito wa udongo kwenye Bonde la Ufa, na hakuna aliyetaja tetemeko?

Desemba 2009 Karonga, ng'ambo ya mpaka tu, ardhi ilitikisika tena na tena kwa siku kadhaa. Sisi Kyela tulitoka nje. Tulilala uwanjani na watoto. Nyumba zilizoanguka kule Malawi nyingi ni za matofali mabichi na za kuchoma zisizo na nondo. Ukuta mnene ukikuangukia hauulizi ucheleweshaji wa joto. Na Kagera Septemba 2016 mmesahau? Na mwaka 1910 tetemeko la Rukwa lilifika ukubwa wa 7.4. Wakati huo mji wa Mbeya haujazaliwa. Likirudi leo litawakuta watu wangapi chini ya kuta?

FundiMwashi_Isanga

Kaka huyu ameongea ukweli mtupu. Mimi nimeona nyufa za kona zinazoanzia kwenye dirisha mpaka juu, na hapo hakuna tetemeko, ardhi imelala tu.

Mchoraji_Uyole

Kyela_Kwetu, ahsante. Nimekaa nikaisoma mara mbili kabla ya kujibu.

Ukuta wa udongo una nguvu ukikandamizwa kutoka juu, hauna nguvu ukivutwa. Tetemeko linautikisa kwa ubavu, kona zinaachana, kila ukuta unaanguka kivyake. Kwa hiyo joto peke yake lisitufanye tuchague. Kinachotakiwa ni kufunga nyumba kama pipa linavyofungwa kwa pete: linta, yaani mkanda wa zege juu ya madirisha, izunguke nyumba nzima bila kukatika, si vipande juu ya milango tu, na kenchi zishikwe kwenye linta hiyo. Matundu yawe mbali na kona. Ukuta usiwe mrefu ukilinganisha na unene wake, na usiende mbali bila ukuta mwingine kuukata. Nyumba ya chini, ya mraba au karibu na mraba, ni salama kuliko ndefu yenye vipembe vingi. Na paa liwe jepesi. Hapo ndipo tembe linapokuwa hatari, Bint utanisamehe, maana uzito wote uko juu ya vichwa.

Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukifundisha tofali za kufungamana, udongo uliochanganywa saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono, hazichomwi, zinashikana zenyewe. Kuni zinabaki msituni. Ila upana wake ni kama sentimita 15, kwa hiyo kwa usiku wa Julai peke yake hautoshi. Hapo ndipo natamani vijana wa usanifu pale Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya wafanye kazi: ukuta wa tofali hizo mara mbili, mkanda wa zege, dari, dirisha la kaskazini, tupime mwaka mzima.

Mzee_Kibena

Wanangu, nimesomewa na mjukuu. Naandika kupitia kwake.

Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya udongo na nyasi hapa Njombe. Moto ulikuwa katikati, hauzimwi usiku. Nyumba ilikuwa na joto, hilo ni kweli. Lakini na mimi niseme: mama yangu aliugua macho na kifua kwa moshi ule mpaka anakufa. Moshi ulikuwa unalinda nyasi na miti isiliwe na wadudu, wala sisi haukutulinda. Msije mkaisifia nyumba ya zamani mkamsahau aliyekuwa anapika ndani yake.

Mwaka 1973 redio ilikuja na Mtu ni Afya, tukachimba vyoo, tukafungua madirisha. Baadaye tukahamishiwa kijijini, viwanja vimepangwa mstari. Tukaambiwa nyumba bora ni ya tofali na bati. Niliuza ng'ombe nikanunua bati. Siku mvua ya kwanza iliponyesha juu ya bati lile mke wangu alilia kwa furaha, kwa sababu nyasi zilikuwa zinavuja. Hakuna aliyetuambia kuhusu dari. Nimelala chini ya bati lile miaka kumi na mitatu bila dari na baridi ya Njombe mnaijua. Dari niliweka kwa mbao za paini kutoka Mafinga mtoto wangu wa tatu alipoanza kazi. Nikalala.

Mchoraji_Uyole

Shikamoo mzee wangu. Hilo la mama nimelipokea. Nikichora tena jiko, nitamkumbuka.

Mwana_Sokomatola

Historia ya Mbeya mjini imeguswa kidogo mno. Mji umeanzishwa 1927 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa, na alama zake bado zinasomeka kwenye majina: Uzunguni juu kwenye hewa na miti, Uhindini katikati kwenye biashara, halafu Majengo na sehemu zetu. Ramani ya rangi za watu ilichorwa kwa viwanja.

Tembea Uhindini ukiinua macho. Duka mbele, baraza la kivuli kando ya barabara, familia nyuma, ua katikati. Kwenye baadhi ya majengo mwaka wa ujenzi umeandikwa juu ya ukuta wa mbele. Hiyo ni nyaraka, iko hewani, haihitaji kibali cha mtu. Mwaka 1971 sheria ya kutwaa majengo ilichukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, zikawa chini ya Msajili wa Majumba, na 1990 zikaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Ndiyo maana mengi yamebaki chini, ghorofa moja au mbili, na mpangaji akiyapaka rangi tu. Umiliki ule ndio uliyahifadhi, ingawa haikuwa nia yake. Sasa viwanja hivyo vina bei kubwa, na ghorofa za vioo zimeanza. Vioo! Mbeya! Mchana unaoka, usiku unaganda.

Halafu reli ya TAZARA, iliyojengwa 1970 hadi 1975, stesheni ikawekwa mbali na mji wa zamani, na mji ukaanza kuvutwa kama mpira kati ya barabara kuu na reli mpaka Uyole upande huu na Iyunga upande ule. Mtu akitaka kuandika tasnifu ya historia ya mji huu, aanze na baraza za Uhindini, kisha aende Nyaraka za Taifa Dar, kisha akae na wazee wa Majengo. Kwa mpangilio huo.

Bint_Kihesa

Mwana_Sokomatola, umenigusa. Naomba ushauri wenu nyote basi, maana hili ni la kwangu.

Mjomba wangu upande wa Kalenga ana nyumba ya marehemu babu. Tofali mbichi, pana, vyumba vinne vimepangwa mstari, paa lilishabadilishwa kuwa bati. Kuna ufa kwenye kona moja. Anataka kuivunja baada ya mavuno ajenge ya bloku. Sina haki ya kumzuia, nyumba ni yake na ufa nimeuona. Lakini itaondoka bila hata kupigwa picha. Nifanye nini ndani ya wiki chache?

Mchoraji_Uyole

Dada, usigombane na mjomba. Mwombe wiki mbili, tena za mwezi wa sita au wa saba.

Chukua vipimajoto viwili vya aina moja, viweke pamoja siku nzima kwanza uone kama vinasoma sawa. Kisha kimoja kitundike ndani, katikati ya chumba wanacholala watu, usawa wa kifua, kisiguse ukuta. Cha pili nje, kivulini, mvua isikifikie. Andika saa 12 asubuhi, saa 9 alasiri, saa 4 usiku, na kama kuna atakayeamka, saa 9 usiku. Andika pia kama moto uliwashwa na watu wangapi walilala. Fanya hivyo hivyo nyumba ya jirani ya bloku, siku zilezile. Siku zilezile, hilo ndilo la msingi.

Halafu chora ramani kwa kamba na karatasi ya mistari: urefu, upana, unene wa ukuta kila upande, madirisha yako wapi, mlango unaangalia wapi. Piga picha kila kona, na ule ufa uweke rula pembeni. Muulize mjomba udongo ulichimbwa wapi, nani aliupiga tofali, ulichanganywa na nini. Muulize na shangazi, pengine yeye ndiye aliyekanda.

FundiMwashi_Isanga

Ufa wa kona moja si lazima ivunjwe. Nipo tayari kuja kuuangalia, nauli tu. Kama msingi haujaondoka tunaweza kuishona kona ile na kuifunga mkanda juu.

Kyela_Kwetu

Akubali mkanda wa zege, na mimi nitanyamaza.

Tukuyu_mvua

Na paa alitoe nje dhiraa moja kamili.

Bint_Kihesa

Nimempigia mjomba sasa hivi. Ameuliza kwanza fundi analipwa na nani. Halafu amesema atasubiri mpaka mwezi wa nane, na kwamba shangazi ndiye aliyekanda, na analijua shimo la udongo mpaka leo. Vipimajoto nanunua kesho Miyomboni.